Kabla ya Kujumlisha

Alama ya kujumlisha ndiyo ya kwanza mtoto kukabidhiwa shuleni, na pengine kwa sababu hiyo huiamini kuliko nyingine zote. Kugawanya kunamtia hofu, kutoa kunamlazimu akope kutoka kwenye makumi, lakini kujumlisha hakujawahi kumwangusha. Katika miaka niliyofundisha hisabati ya kidato cha nne, kwenye shule za sekondari za kanda ya Ziwa, mada iliyonitoa jasho haikuwa vekta wala matriksi. Ilikuwa uwezekano, kwa sababu pale ndipo mwanafunzi anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba hata kujumlisha kuna sharti.

Sharti lenyewe ni fupi. Uwezekano wa kutokea jambo hili au lile ni jumla ya uwezekano wa kila moja, ilimradi mawili hayo hayawezi kutokea pamoja. Tupa dadu mara moja. Kupata mbili na kupata tano ni matukio yanayozuiana: dadu likishatua kwenye mbili, habari ya tano imekwisha. Hapo jumlisha bila wasiwasi, 1/6 na 1/6 ni 2/6. Sasa chukua namba shufwa na namba inayozidi tatu. Kila moja ina uwezekano wa nusu, na mwenye haraka atajumlisha nusu na nusu apate moja, yaani uhakika kamili kwamba mojawapo litatokea. Lakini dadu bado lina upande wa moja na upande wa tatu, na hizo si shufwa wala hazizidi tatu. Kilichotokea ni kwamba nne na sita zimehesabiwa mara mbili, kwa kuwa zimo kote kuwili. Jibu ni 4/6.

Vitabu vingi hufundisha jambo hili kwa karata. Unachomoa karata moja kati ya 52, unaulizwa uwezekano wa kupata mfalme au kopa. Wafalme ni 4, kopa ni 13, lakini mfalme wa kopa yumo kote kuwili, hivyo karata zinazokufaa ni 16 wala si 17. Ni mfano mzuri kwa aliyekulia kwenye baraza panapochezwa karata. Wengi wa wanafunzi wangu walitoka kwenye nyumba ambazo karata ni kamari na kamari ni dhambi, na kabla sijafika kwenye uwezekano ilinibidi nieleze kopa, uru, shupaza na pau ni nini, zipi nyekundu, zipi nyeusi. Kengele ililia tukiwa bado kwenye utambulisho. Niliziacha karata, nikaamua kuwatumia wao wenyewe.

Nilichora mstari wa chaki sakafuni, kutoka ubaoni hadi mlango wa nyuma. Vifungua mimba wasimame upande wa dirisha, vitinda mimba upande wa pili, wa katikati wabaki kwenye madawati. Kabla hawajanyanyuka nikauliza: mtu anaweza kuwa kifungua mimba na kitinda mimba kwa wakati mmoja? Darasa zima likajibu haiwezekani. Wa kwanza ni wa kwanza, wa mwisho ni wa mwisho. Nikaandika ubaoni kwamba kwa maoni ya darasa matukio haya yanazuiana, kisha nikawaruhusu wasogee.

Msichana mmoja alisimama juu ya mstari. Wenzake wakamvuta huku na huku, kila upande ukidai ni wake, mpaka akasema kwamba kwao yuko peke yake. Ni wa kwanza, na ni wa mwisho. Waliokuwa wamejibu kwa sauti kubwa kuliko wote ndio waliokuwa wa kwanza kuomba ile sentensi ya ubaoni ifutwe.

Nimelirudia zoezi hilo na madarasa mengine, na naipenda dakika hiyo kila inapofika. Kuzuiana si jambo la kuhisi. Haitoshi mambo mawili yasikike kama hasimu. Lazima umpitie kila mmoja aliyemo na kuuliza kama yupo anayeingia pande zote mbili. Mmoja anatosha. Kama tungepiga kura ya kumchagua mwanafunzi mmoja wa darasa lile, kisha tukajumlisha vifungua mimba na vitinda mimba ili kupata uwezekano wa kuchaguliwa yeyote kati yao, binti yule angekuwa na nafasi mbili ilhali jina lake limo mara moja tu.

Lakini siku ile ya kwanza zoezi halikuishia kwa binti. Mvulana mmoja alikuwa bado ameketi, mikono juu ya dawati, akitazama upande mmoja na kisha mwingine. Nilipomwuliza kwa nini hajaamua, aliuliza, “Mwalimu, tunahesabu na waliokufa?”

Nilimjibu kwamba hilo ni lazima tukubaliane kabla ya kuhesabu, na kwamba hesabu yenyewe haiwezi kutuamulia. Tukihesabu waliozaliwa, yeye ni wa pili. Tukihesabu walio hai, ni wa kwanza. Darasa liliamua kuhesabu waliozaliwa, naye akabaki kwenye dawati lake na wa katikati. Kipindi kilipokwisha alinifuata akaniambia kwamba kaka yake alifariki kwa selimundu kabla hajafikia umri wa kuanza shule, na kwamba mdogo wake wa kike anaugua ugonjwa huohuo. Familia yake nitairudia, kwa kuwa ndiyo iliyonionyesha kwa nini mada hii haifai kusukumwa wiki ya mwisho kabla ya mtihani.

Kwa mtaala tuliofundishia wakati huo, seti zilikuwa kidato cha pili na uwezekano ulikuwa kidato cha nne. Kijana wa kidato cha pili anajua vizuri kuchora maduara mawili yanayopandana, anajua kwamba kilicho katikati kimehesabiwa huku na huku, na anajua kukiondoa mara moja. Akifika kidato cha nne anakuta kanuni ileile, herufi tu ndiyo imebadilika, na haitambui. Ni kana kwamba haijawahi kupita mbele yake. Nikajizoeza kuwaagiza waje na madaftari yao ya zamani siku ya kwanza ya mada. Wasiokuwa nayo wanaazima kwa wadogo zao walio madarasa ya chini. Tunachora upya maduara ya John Venn, yule Mwingereza aliyeyaeleza mwaka 1880, na tunatafuta kwanza kama maduara yanagusana. Yasipogusana, jumlisha. Yakigusana, jumlisha kisha utoe cha katikati.

Mfano uliowakaa kuliko yote ulitoka kwenye kadi za kuchangia damu. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, akiwa Vienna, alionyesha kwamba damu za watu zimegawanyika katika makundi matatu. Mwaka uliofuata likaongezwa la nne. Leo tunayaita A, B, AB na O. Chembe nyekundu za mtu zinaweza kubeba antijeni A, zinaweza kubeba antijeni B, na mambo hayo mawili hayazuiani, kwa kuwa wapo wenye zote. Makundi manne, kwa upande wake, yanazuiana kabisa. Kundi A ni wenye A peke yake, kundi B ni wenye B peke yake, AB ni wenye zote mbili, O ni wasio na yoyote. Chora maduara mawili yanayopandana ndani ya mstatili na uhesabu vipande: kushoto, kulia, katikati, na nje. Ni vinne, na ndivyo makundi manne ya damu.

Wanafunzi huiona picha hiyo wakanyamaza kidogo, na mimi huwaacha wanyamaze. Maana kazi yote ya uwezekano imo humo. Ukikuta mambo yanayoingiliana, unayakata upya mpaka upate vipande visivyogusana, na hapo ndipo unajumlisha. Ukitaka uwezekano wa kukutana na mtu mwenye antijeni A, chukua kundi A na kundi AB, jumlisha, hukosei. Andrey Kolmogorov, Mrusi aliyeiwekea nadharia ya uwezekano misingi yake mwaka 1933, alianza na madai machache sana: uwezekano hauwi chini ya sifuri, uwezekano wa yote yanayoweza kutokea ni moja, na matukio yanayozuiana hujumlishwa. Juu ya hayo ndipo lilipojengwa jengo zima.

Kuna kosa jingine, la mtu aliyekwisha kuelewa kuzuiana akadhani amemaliza. Kila mwaka huwa nakutana na kijana anayeniambia, “Mwalimu, ama nitafaulu ama nitafeli, kwa hiyo ni nusu kwa nusu.” Ni kweli kufaulu na kufeli kunazuiana, na ni kweli hakuna la tatu. Kwa hiyo jumla ya hayo mawili ni moja. Lakini nani amesema yana uzito sawa? Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa ya karne ya 18, aliteleza papo hapo. Mwaka 1754, katika ile kamusi kubwa ya maarifa iliyoitwa Encyclopédie, aliandika kuhusu kurusha sarafu mara mbili na uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja. Alihesabu njia tatu: kichwa mara ya kwanza, na hapo mchezo umekwisha, mkia kisha kichwa, mkia kisha mkia. Njia mbili kati ya tatu ni nzuri, akasema 2/3. Njia zake tatu zinazuiana sawasawa, wala hakuna iliyosahaulika. Ila ya kwanza ina uwezekano wa nusu, na mbili zilizobaki robo kila moja. Nusu na robo ni 3/4. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kwa heshima, wajue kwamba hata akili iliyonolewa inahitaji kuulizwa maswali mawili badala ya moja: yanazuiana? Na yana uzito gani?

Mama wa yule mvulana alinifuata siku ya kikao cha wazazi, baada ya matangazo ya michango na ya sare. Alisubiri mpaka wenzake walipotawanyika.

“Mwalimu, mwanangu ananiambia unawafundisha hesabu za bahati.”

“Ndiyo, mama. Karibu ukae.”

Akakaa. Akasema yeye na mumewe walipimwa baada ya msiba wa mtoto wa kwanza, wakaambiwa wote wawili ni AS: hawaumwi, lakini kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu. Wakaambiwa mmoja kati ya wanne. “Mimi nimezaa watatu, na wawili walipata ugonjwa. Huyu wako ndiye mzima. Sasa nikibeba mimba ya nne, si atakuwa salama? Si fungu letu limekwisha, na limezidi?” Kisha akaongeza kwamba shemeji yake anampinga, anamwambia ni theluthi kila mara, kwa kuwa mtoto ni AA, au AS, au SS, vitu vitatu.

Katika maswali hayo mawili mlikuwa na somo langu lote la uwezekano. Lilikuwa limeletwa na mtu aliyelilipia.

Nilichukua karatasi nikachora mraba wenye vyumba vinne. Kila mzazi ana vinasaba viwili, A na S, naye humpa mtoto kimoja tu. Kwa hiyo kuna njia nne: A ya baba na A ya mama, A ya baba na S ya mama, S ya baba na A ya mama, S ya baba na S ya mama. Mtoto mmoja hawezi kupita njia mbili, kwa hiyo zinazuiana. Na hakuna njia yenye upendeleo, kwa hiyo kila moja ni robo. Shemeji alihesabu majina matatu, akasahau kwamba jina la AS lina milango miwili, wa baba na wa mama. Robo na robo ni nusu. AA ni robo, AS ni nusu, SS ni robo. Hilo mama alilishika upesi kuliko nilivyotarajia, na akanihakikishia kwamba jioni hiyohiyo shemeji angelisikia.

Swali lake mwenyewe lilikuwa zito zaidi. Wale waliompa maneno “mmoja kati ya wanne” walisema kweli, lakini walisema nusu ya sentensi. Nusu iliyobaki ni “kila mimba.” Mama alikuwa amechukua kanuni ya ndani ya mtoto mmoja akaipeleka kwa ndugu. Ndani ya mtoto mmoja, hali moja inaifukuza nyingine: akiwa SS hawezi kuwa AS. Basi akaona kwamba hata kwa ndugu ni hivyo, kwamba ugonjwa ukishakaa kwa mmoja umeziba nafasi kwa wanaofuata. Lakini ndugu hawazuiani. Mimba ya nne haijui lolote lililotokea kwa tatu za mwanzo. Inaanza upya, na vinasaba vilevile, robo ileile.

Akakaa kimya, halafu akauliza, “Kwa hiyo wanaweza kuumwa wote?”

“Wanaweza, mama. Na wanaweza wasiumwe hata mmoja. Lakini waliotangulia hawaongezi wala hawapunguzi.”

Sikumshauri azae wala asizae. Hilo si la mwalimu wa hisabati. Nilimwomba arudi kliniki na mumewe, wakae na mtaalamu, na waulize kuhusu kumpima mtoto mapema akizaliwa, kwa kuwa mtoto anayejulikana mapema huanzishiwa dawa za kinga na uangalizi kabla homa na maumivu havijamzidi. Alijifungua mwaka uliofuata. Matokeo ya kipimo cha mtoto ni siri ya familia ile, na vyovyote yalivyokuwa, robo ilikuwa robo.

Juma lile nililiandaa somo upya, bila kutaja familia ya mtu. Nikaandika ubaoni: wazazi wote wawili AS, watoto wanne. Uwezekano wa kuwa na angalau mtoto mmoja mwenye selimundu ni upi? Mikono mingi ilikuja na jibu moja: robo mara nne, yaani moja. Hakika. Nikawauliza, na wakizaa watano? Robo mara tano ni 5/4. Wakatazamana. Uwezekano unaozidi moja haupo duniani, na ukiupata ujue umejumlisha mambo yasiyozuiana. “Wa kwanza ana ugonjwa” na “wa pili ana ugonjwa” yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kwa watoto wawili tu, ni 1/4 na 1/4, toa 1/16 ya wote wawili kuwa nao, inabaki 7/16.

Kwa wanne, kutoa na kurudisha kunachosha, na kuna njia fupi. Uwezekano wa kutokuwepo hata mmoja ni 3/4 mara nne kwa kuzidisha, yaani 81/256. “Hakuna hata mmoja” na “angalau mmoja” ni matukio yanayozuiana yasiyo na la tatu, jumla yao ni moja, hivyo angalau mmoja ni 175/256, karibu asilimia 68. Karibu familia moja kati ya tatu za namna hii yenye watoto wanne haina mgonjwa hata mmoja. Hapo kijana mmoja akauliza, basi wenye mmoja hasa kati ya wanne, wale ambao watu wanadhani ndio kawaida, ni wangapi? Swali zuri, kwa sababu jibu lake linarudisha kujumlisha mahali pake. Mgonjwa awe wa kwanza peke yake, au wa pili peke yake, au wa tatu, au wa nne. Njia hizo nne hazigusani. Kila moja ni 27/256. Jumlisha mara nne: 108/256, asilimia 42. Wenye wawili na zaidi ni 67/256, zaidi kidogo ya robo. Yule mvulana alijumlisha 81, 108 na 67, akapata 256, akapigia mstari mara mbili chini yake.

Niliwaambia wasione aibu kwa jibu lao la kwanza, maana lina ukoo mrefu. Girolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia aliyefariki mwaka 1576, aliandika kitabu kuhusu michezo ya bahati kilichochapishwa mwaka 1663. Humo kuna mahali anafikiri kwamba kulitupa dadu mara tatu kunakupa nusu ya uwezekano wa kuupata upande unaoutaka, kwa kuwa 1/6 mara tatu ni nusu. Jibu sahihi ni 91/216, asilimia 42. Na katika barua ya Blaise Pascal kwa Pierre de Fermat, Julai 1654, limo swali la mcheza kamari aliyejulikana kama Chevalier de Méré. Kupata sita angalau mara moja katika mitupo minne ya dadu kuna faida kidogo. Kupata sita mbili kwa pamoja katika mitupo 24 ya madadu mawili kuna hasara kidogo. Kwa mwenye kujumlisha, 4/6 na 24/36 ni kitu kimoja, na tofauti ile haielezeki. Kwa anayeuliza kwanza kama mitupo inazuiana, inaelezeka kwa mistari michache: la kwanza linazidi nusu kidogo, la pili halifikii.

Kuzuiana na kutotegemeana huwekwa vitabuni kwenye ukurasa mmoja, na wanafunzi wengi huondoka wakidhani ni jambo moja, kwa kuwa yote mawili yanasikika kama mambo yasiyohusiana. Ukweli ni kwamba yako mbali sana. Ukijua mtoto ni AS, umeshajua kwa uhakika si SS. Hakuna habari inayobana kuliko hiyo. Ukijua mtoto wa kwanza ni SS, na wazazi wameshapimwa ni AS wote, hujajua kitu kipya kuhusu wa pili. (Kama wazazi hawajapimwa, mambo ni mengine: mtoto wa kwanza mwenye SS anakuambia kwamba wazazi wote wawili wamebeba S.) Kwa yanayozuiana, uwezekano wa kutokea yote mawili ni sifuri. Kwa yasiyotegemeana, ni wa hili mara wa lile. Anayechanganya mawili haya anaweka sifuri mahali palipo na 1/16, na 1/16 hiyo ni nyumba ya mtu yenye watoto wawili wagonjwa.

Mwalimu mwenzangu wa Biolojia alikuwa akifundisha jenetiki kidato hichohicho cha nne, kwenye chumba cha jirani, na mraba uleule wa vyumba vinne. Tulikuwa tumefundisha hivyo kwa muda mrefu bila kukutana. Tulianza kuingia darasani pamoja. Yeye ndiye aliyewasimulia kuhusu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliyekusanya sampuli za damu mwaka 1949 na kuona kwamba wenye kinasaba cha selimundu walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, wachache kwenye nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS inampa mtu kinga dhidi ya malaria kali. Kwa vijana wa Ziwa, waliosikia nyumbani kwamba ugonjwa huu ni laana ya ukoo wa mama au wa baba, habari hiyo ilikuwa kubwa. Kinasaba kipo kwa sababu mbu wapo, na kiliwalinda wengi wa babu zao.

Kisha tukajaza ubao na ndoa za kila namna. AA na AS: nusu ya uwezekano AA, nusu AS, na SS sifuri. AA na SS: kila mtoto AS. AS na SS: nusu AS, nusu SS. Mwishoni tuliwapa kazi ya kuandika sentensi moja inayofaa kubandikwa ukutani kliniki. Walibishana sana. Rasimu nyingi zilianza na “mmoja kati ya wanne,” na ni yule mvulana aliyesimama akataka yafutwe na sentensi ianze na “kila mimba.” Wakakubaliana: Kila mimba ya wazazi wote wawili AS ina uwezekano wa robo kuwa na selimundu, nusu kubeba bila kuumwa, robo kutokuwa nayo kabisa, na waliozaliwa kabla hawabadilishi hesabu hiyo.

Tulikuwa tunafuta ubao msichana mmoja wa dawati la mbele aliponyoosha mkono. “Na mapacha?” Mwalimu wa Biolojia akarudisha chaki. Mapacha wasiofanana, alisema, wametokana na mayai mawili. Wahesabu kama ndugu wengine wowote, wote wawili kuwa SS ni 1/16. Mapacha wanaofanana wametokana na yai moja lililogawanyika, vinasaba vyao ni vilevile. Akanitazama mimi nimalizie. Nikaandika 1/4 kwa wote wawili kuwa SS. Chini yake nikaandika “mmoja SS, mwenzake siyo,” na darasa likajibu sifuri kabla sijaiweka.